Somo la Wafanyakazi: Ada ya Jina la Intaneti, Nani Analipa na Nani Anamiliki?

Katika somo lililopita tulisoma karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, ili kila mtu ajue faranga zake zinakatwa wapi na kwa sababu gani. Tuliona makato ya INSS, tukaona kodi, tukaona mchango wa sendika. Leo tutasoma malipo ya namna nyingine, nayo ni ada ya kuandikisha jina kwenye intaneti.

Najua wako watakaosema, "Sisi wa Gatete tunashinda kwenye michikichi na kwenye vinu vya mawese. Mambo hayo ni ya wakubwa wa Bujumbura." Nawaomba msiseme hivyo kabla ya kusikia yaliyotupata. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo, na kwa kufikiri hivyo niliwakosea wenzangu.

1. YALIYOTUPATA

Miaka michache iliyopita, sendika yetu ya huku kando ya ziwa iliamua kuwa na anwani yake ya intaneti. Tulitaka mambo mawili tu. La kwanza, mahali pa kubandika bei ya kazi ya siku na bei ya pipa la mawese, ili kibarua wa Minago ajue anacholipwa mwenzake wa Kigwena. La pili, anwani ya barua pepe ambayo mfanyakazi anaweza kuandika bila kupita mbele ya msimamizi wa shamba.

Kijana mmoja fundi wa kompyuta alituambia ataifanya kazi hiyo yote. Alitaja bei moja kwa jumla. Ndani yake, alisema, iko "ada ya serikali". Hatukuuliza ni serikali ipi, wala ada kiasi gani, wala kwa muda gani. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Tukapewa risiti ya mkono, karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili fundi akahamia mbali, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Siku moja anwani ikazimika. Tulidhani ni mtandao mbovu tu, kama kawaida yetu. Kumbe ada ya mwaka ilikuwa imekwisha na hakuna aliyelipa. Barua za kukumbusha zilikuwa zikienda kwa yule fundi, kwa sababu kwenye daftari la majina aliyeandikwa kuwa mwenye jina ni yeye. Sendika haikuandikwa popote.

Katika siku hizo mwenzetu mmoja aliumia mkono kwenye kinu cha kukamua. Kijana wa duka la simu alimsaidia kutuandikia barua pepe, akaieleza ajali yote, saa, mahali na mashahidi. Barua hiyo haikutufikia. Mgonjwa alingoja jibu akiamini kwamba sendika inashughulika. Tulipopata habari zake kwa mdomo, miezi miwili ilikuwa imepita. Mwajiri alikuwa amekwisha kuandika ripoti yake peke yake, kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kutafuta kazi kwingine. Tulihangaika sana na kesi ile, na alichopata ni kidogo kuliko haki yake.

Leo jina letu la zamani liko mikononi mwa mtu tusiyemjua, na limejaa matangazo ya kamari.

Ndugu, hasara hiyo ilitokana na malipo madogo ya mwaka ambayo hatukuyaelewa. Ndiyo maana nimesoma, nimeuliza, na sasa naleta somo hili.

2. JINA LA INTANETI NI KITU GANI?

Kila kompyuta kwenye intaneti ina namba yake, kama vile kila simu ina namba yake. Lakini namba ni ngumu kukariri. Kwa hiyo watu walitunga njia ya kutumia majina badala ya namba. Mwanzoni orodha ya majina yote ya mtandao ilikuwa faili moja tu, iliyotunzwa kwenye taasisi moja ya utafiti huko California, Marekani. Kompyuta zilipozidi, faili hiyo haikufaa tena. Mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris alitunga utaratibu tunaoutumia mpaka leo, wa kugawa majina kwa matawi. Wataalamu huliita jina la namna hii domeni. Wenzetu wa Tanzania huliita jina la kikoa.

Jina hilo husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama mtu anayetafuta nyumba. Kwanza anauliza nchi, halafu komini, halafu zoni, halafu mtaa. Herufi za mwisho ndizo nchi au kundi. Majina yanayoishia na bi ni ya Burundi. Yanayoishia na tz ni ya Tanzania, ke ni Kenya, ug ni Uganda, rw ni Rwanda, na cd ni Kongo ya Kinshasa. Yako pia makundi yasiyo ya nchi, na kubwa kuliko yote ni com.

Herufi hizi za nchi hazikutungwa na watu wa intaneti wenyewe. Zimetoka kwenye orodha ya kimataifa ya herufi mbili mbili za nchi. Jon Postel, aliyesimamia kazi hiyo tangu mwanzo, aliifuata orodha hiyo ili asiwe yeye wa kuamua nchi ipi ni nchi na ipi siyo. Herufi za Burundi ziliingizwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi msimamizi aliyeandikwa ni kituo cha serikali cha informatiki, CNI, kilichoko Bujumbura.

Kila tawi lina daftari lake. Anayetunza daftari huandika jina, mwenye jina, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Hapo ndipo ada inapoingia. Na hapa lazima tuelewe neno moja muhimu: jina la intaneti halinunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja. Ni kama mtu aliyekodi shamba la michikichi. Akilipa kwa wakati, anavuna. Akiacha kulipa, mwenye shamba humpa mwingine, hata kama yeye ndiye aliyepalilia.

3. TUTOFAUTISHE ADA, LESENI NA KODI

Neno "ada ya serikali" lilitudanganya kwa sababu hatukutofautisha mambo matatu.

Ada ni malipo ya kazi unayofanyiwa. Ukipeleka matunda ya michikichi kwenye kinu cha mtu, unamlipa kwa pipa, naye anakukamulia. Hiyo ni ada. Ada ya haki hulingana na kazi. Ada ya jina la intaneti ni malipo ya kutunza daftari na kuhakikisha kwamba jina linajibu saa zote.

Leseni ni ruhusa. Unalipa ili usiambiwe huna haki ya kufanya jambo fulani. Mfano uko jirani. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mtu mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na tena 1,000,000 za mwaka. Jumla ni 2,100,000, yaani zaidi ya dola 900 za wakati ule. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu ya Mtwara kuzipinga. Mahakama ilizisimamisha kwa muda, kisha serikali ikashinda, na kanuni zikaanza kutumika. Mwaka 2020 kanuni hizo zilifutwa zikawekwa nyingine. Jambo la kushika hapa ni kwamba fedha zile hazikuwa malipo ya jina. Mtu aliweza kuwa amelipia jina lake sawasawa, na bado akafunga ukurasa wake kwa kukosa fedha za leseni.

Kodi ni fedha ambayo serikali inachukua kwa matumizi yake ya jumla, bila kukufanyia wewe kazi maalumu. Uganda ilianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kila mtu aliyetumia WhatsApp, Facebook na mengineyo ya namna hiyo. Kwa siku 30 hizo ni shilingi 6,000. Mwaka 2021 kodi hiyo iliachwa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti.

Sasa tazama, mfanyakazi. Mtu akikuambia "ada ya serikali", swali la kwanza ni hili: je, ni ada, ni leseni, au ni kodi? Kila moja ina risiti yake, ina sheria yake, na ina ofisi yake ya kulalamikia.

4. KESI YA MAREKANI: WALIPAJI WALIPOULIZA

Nimetafuta kama kuna mahali ambapo watu waliuliza swali hilo mbele ya hakimu. Nimekuta kesi moja ambayo kila mwanasendika anafaa kuijua, ingawa ni ya mbali.

Marekani, katika miaka ya themanini, kuandikisha jina la intaneti kulikuwa bure. Gharama zililipwa na serikali. Tangu mwaka 1993 kazi ya kuandikisha ilifanywa na kampuni iitwayo Network Solutions, kwa mkataba na shirika la serikali la sayansi, National Science Foundation. Watu walipoanza kuandikisha majina kwa maelfu, shirika liliona halitaki kuendelea kulipa. Basi kuanzia tarehe 14 Septemba 1995 kila mwenye jina alianza kutozwa. Jina jipya lilikuwa dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha dola 50 kila mwaka.

Lakini katika kila dola 100, kampuni ilichukua 70 kwa kazi yake. Dola 30 ziliwekwa katika mfuko wa kuendeleza intaneti, mfuko wa mambo ya serikali. Makumi ya mamilioni ya dola yakakusanyika humo.

Walipaji kadhaa, wa kwanza kwenye orodha akiitwa Thomas, walikwenda mahakamani Washington. Waliuliza hivi: kama gharama na faida ya kuandikisha inatoshelezwa na dola 70, hizi 30 ni malipo ya kazi gani? Na kama si malipo ya kazi, basi ni kodi. Na kama ni kodi, bunge liliipitisha lini?

Mwaka 1998 Jaji Thomas Hogan alikubaliana nao kwenye jambo hilo. Alisema zile asilimia 30 ni kodi, na kwamba bunge lilikuwa halijaidhinisha kodi hiyo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1998 sehemu hiyo iliondolewa. Bei ikashuka kutoka dola 100 mpaka 70 kwa miaka miwili, na kutoka 50 mpaka 35 kwa mwaka.

Ndugu, nisiwadanganye kwamba walishinda kila kitu. Mwaka huohuo wa 1998 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuidhinisha yale yaliyokwisha kukusanywa. Mahakama ya rufani mwaka 1999 ikakubali kwamba jambo limekwisha. Fedha za nyuma hazikurudishwa kwa walipaji. Lakini waliokuja baada yao walilipa kidogo zaidi, na kila mtu alijifunza kwamba malipo yanaweza kuitwa ada na huku ndani yake imefichwa kodi.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, mlipaji ana haki ya kuomba mchanganuo wa malipo, kiasi gani ni cha kazi na kiasi gani ni cha kitu kingine. La pili, kushinda mbele ya hakimu hakutoshi kama hakuna anayewatazama watunga sheria. Sisi tunaojadili mishahara tunalijua hilo vizuri.

5. FEDHA ZINAKWENDA WAPI?

Chukua majina ya com. Daftari lake linatunzwa na kampuni moja ya Marekani, Verisign. Wauzaji wote wa majina hayo duniani hulipa kampuni hiyo bei ya jumla. Kuanzia Septemba 2024 bei hiyo ilifika dola 10 na senti 26 kwa mwaka kwa kila jina. Shirika linaloratibu majina duniani, ICANN, lililoundwa mwaka 1998, nalo huchukua sehemu yake ndogo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa senti 18. Kinachobaki ni cha muuzaji. Kwa hiyo muuzaji akikutajia dola 60 kwa mwaka kwa jina la com peke yake, unajua kwamba nyingi kati ya hizo ni zake. Huenda anakufanyia na kazi nyingine, lakini aitaje.

Majina ya nchi ni tofauti. Kila nchi hupanga bei yake na utaratibu wake. Kenya, tangu 2002, daftari liko kwa shirika la KENIC, ambalo serikali na wenye makampuni wamo pamoja. Tanzania iliunda tzNIC mwaka 2006, kwa ushirikiano wa mamlaka ya mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti.

Msidhani kwamba majina haya ni mchezo. Kisiwa kidogo cha Anguilla kina herufi ai, ambazo kwa Kiingereza ni kifupi cha akili ya mashine. Makampuni ya dunia nzima yalizikimbilia. Mwaka 2023 ada hizo ziliiingizia serikali ya kisiwa hicho dola zipatazo milioni 32, zaidi ya moja ya tano ya mapato yake yote. Kisiwa hakikuchimba dhahabu wala hakikukamua mawese. Kilitunza daftari lake lenyewe.

Na nchi isiyoshika daftari lake hupata taabu kama ile tuliyoipata sisi na fundi wetu. Jirani zetu wa Rwanda, kwa miaka mingi majina yao ya rw yaliandikwa mikononi mwa mtu aliyekuwa nje ya nchi, Ulaya. Ni mwaka 2012 tu ndipo usimamizi uliporudi rasmi kwa shirika la Rwanda, RICTA. Kama nchi nzima inaweza kukuta jina lake limeshikwa na mtu wa mbali, sendika ya Gatete si ajabu kukutwa na hilo.

6. JE, YA BURE SI BORA?

Swali hili huulizwa kila mkutano. "Kwa nini tulipe, na yako majina ya bure?"

Yalikuwapo. Kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, ilitoa bure majina ya nchi tano, yakiwamo ya Mali, Gabon na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu maskini wengi waliyachukua. Matapeli nao waliyachukua kwa wingi. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, iliishtaki Freenom, nayo mwaka 2023 ikaacha kuandikisha majina mapya. Mwaka huohuo Gabon na Mali zilirudisha madaftari yao mikononi mwao. Huko Gabon mamilioni ya majina ya bure yalifutwa. Aliyekuwa mwizi aliondoka, na aliyekuwa mtu mwema aliondoka naye, maana hakuwa na mkataba wa kuonyesha.

Wengine husema, "Tuna kikundi cha WhatsApp, kinatosha." Kikundi kinafaa kwa kuitana mkutanoni, nami nakitumia kila siku. Lakini kimefungwa kwenye namba ya simu ya mtu na kwa masharti ya kampuni. Simu ikiibwa sokoni Rumonge, au kikundi kikifungwa, huna pa kudai. Jina lililoandikwa kwa sendika, lenye risiti na tarehe, ni mali ya kukodi, lakini mkataba wake ni wetu.

7. TUFANYE NINI? KANUNI SABA

Haya tumeyaandika kwenye daftari la sendika, na kila tawi linaweza kuyanakili.

Kwanza, uamuzi wa kuchukua jina ufanywe mkutanoni na uandikwe katika kumbukumbu. Jina lisichukuliwe na mtu mmoja kwa hisani.

Pili, mahali pa "mwenye jina" paandikwe sendika yenyewe. Fundi anaweza kuandikwa mahali pa fundi tu. Kabla ya kumlipa fedha ya mwisho, mwambieni awafungulie daftari mlione kwa macho yenu.

Tatu, anwani ya barua pepe ya kupokea vikumbusho isiwe ile iliyo kwenye jina hilohilo. Jina likizimika, na vikumbusho vitazimika nalo. Mtumie anwani nyingine, na wasomaji wawe wawili.

Nne, mtakeni muuzaji aandike mchanganuo: ada ya jina kiasi gani, kwa mwaka au miaka mingapi, kodi kiasi gani, kazi yake mwenyewe kiasi gani, na kukodi mahali pa kuweka kurasa kiasi gani. Jina na mahali pa kurasa ni vitu viwili. Mtu anaweza kulipia kimoja na kingine kikafa. Kama ni jina la bi, bei iulizwe kwa msimamizi wa daftari kwa maandishi, na jibu lihifadhiwe.

Tano, kama fedha ipo, lipeni miaka miwili au mitatu kwa mara moja. Majina ya com huruhusu mpaka miaka 10. Wakati wa mavuno ya michikichi fedha huwapo, na wakati wa ukame hakuna mwenye faranga.

Sita, maneno ya siri yawe kwa watu wawili waliochaguliwa, na karatasi moja iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la mweka hazina. Uongozi ukibadilika, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyohiyo.

Saba, tarehe ya kwisha iandikwe ukutani ofisini kwa herufi kubwa, na isomwe katika mkutano miezi mitatu kabla yake.

Mkichelewa, msikate tamaa mara moja. Jina la com likipita tarehe, muuzaji huweza kumruhusu mwenyewe kulirudisha kwa bei ya kawaida, mpaka siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 nyingine ambazo unaweza kulikomboa, lakini kwa faini kubwa. Halafu siku 5, na jina linaachwa wazi kwa yeyote. Majina ya nchi yana siku zake, na yapasa kuziuliza mapema. Sisi tulichelewa kuliko siku zote hizo.

Na kumbukeni jambo hili ambalo wengi hawalijui: atakayechukua jina lenu lililoachwa anaweza kupokea barua zinazoendelea kutumwa kwenye anwani yenu ya zamani. Fikirini barua ya mfanyakazi anayemlalamikia mwajiri wake, yenye jina lake kamili, imeangukia kwa mtu msiyemjua. Ndiyo sababu jina la sendika si pambo.

8. HESABU YETU

Tufanye hesabu kama tunavyoifanya kwa mchango wa msiba. Tuseme jina pamoja na mahali pa kurasa, baada ya kuulizia, ni faranga 120,000 kwa mwaka. Tuseme wanachama wanaolipa ni 200. Gawanya 120,000 kwa 200, unapata faranga 600 kwa mtu kwa mwaka, yaani faranga 50 kwa mwezi. Hii ni mfano tu wa kujifunzia. Kila tawi liweke bei yake halisi na idadi yake halisi. Lakini mtaona wenyewe kwamba tukigawana mzigo huu hautushindi. Ulitushinda pale tulipomwachia mtu mmoja.

Sendika yetu imekwisha kuandikisha jina jipya. Safari hii mwenye jina ni sendika, tumelipa miaka mitatu, na risiti iko kwenye faili. Yule mwenzetu aliyeumia mkono ni mmoja wa wale wawili wanaoshika maneno ya siri. Alichaguliwa na mkutano. Aliposimama kukubali alisema anataka barua ya mtu mwingine isipotee kama yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Taja malipo matatu unayolipa kwa mwezi. Lipi ni ada, lipi ni leseni, lipi ni kodi? Umejuaje?

2. Katika kesi ya Marekani, kwa nini jaji alisema asilimia 30 ni kodi? Je, yako malipo hapa kwetu ambayo tungependa kuombea mchanganuo?

3. Tawi lenu lina namba ya simu, kikundi au anwani ya intaneti? Imeandikwa kwa jina la nani? Mtu huyo akihama kesho, mtabaki na nini?

4. Nani katika tawi lenu anajua tarehe ya kwisha ya malipo yenu? Kama ni mtu mmoja tu, chagueni wa pili leo.

Ndugu wafanyakazi, somo hili lisomwe kwa sauti kwa wale wasiosoma, na majibu ya maswali yaletwe kwenye mkutano wa zoni.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Mwandishi wenu, Gatete.